Mawe Yenye Ushuhuda: Kanisa la Kristo Mkunazini na Wajibu Wetu kwa Majengo ya Urithi

Utangulizi

Wachungaji wengi wa Tanzania wamewahi kufika Unguja, na wengi wao wamesimama ndani ya Kanisa la Kristo lililoko Mkunazini katika Mji Mkongwe. Ni kanisa kuu la Dayosisi ya Zanzibar ya Kanisa Anglikana. Ni nyumba ya ibada pia, ambamo Wakristo wa mji huo hukusanyika kusikia Neno na kushiriki Meza ya Bwana. Pamoja na hayo, ni jengo lenye ulinzi wa pekee, kwa kuwa limo ndani ya eneo la Mji Mkongwe ambalo UNESCO iliingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hivyo jengo hili lina wadai wawili. Kanisa lalidai kwa ajili ya ibada, na ulimwengu walidai kwa ajili ya kumbukumbu.

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya kanisa hilo, kisha tutapima maana ya ulinzi wake kwa jicho la theolojia, na mwishoni tutauliza yatupasayo sisi tunaotunza majengo ya kale katika sharika zetu. Hoja yetu ni hii: jengo la kanisa lililo urithi wa watu wote linahubiri kila siku, hata pasipo mhubiri. Kwa hiyo wenye kulitunza wanawajibika kwa ukweli wa mahubiri hayo, sawasawa na mchungaji anavyowajibika kwa maneno anayoyasema mimbarani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kilutheri lishughulike na kanisa la Waanglikana. Jibu la kwanza ni kwamba historia zetu zimefumana tangu mwanzo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa ametumwa na jumuiya ya Kianglikana ya CMS. Nacho Kiswahili tunachotumia katika Maandiko na ibada kinadaiwa mengi na Askofu Edward Steere, ambaye ndiye aliyelijenga kanisa la Mkunazini. Jibu la pili ni kwamba sisi nasi tunayo majengo ya kale yanayozidi kuchakaa, na mengi hayana ulinzi wowote wa sheria. Jambo hili tutalirudia.

1. Kutoka soko hadi madhabahu

Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi za UMCA, ilianzishwa Uingereza baada ya hotuba ambayo David Livingstone aliitoa Cambridge mwaka 1857. Kituo chao cha kwanza katika nchi ya Shire kilishindwa, na mwaka 1864 Askofu Tozer pamoja na Steere wakahamia Zanzibar. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wamenyang'anywa kutoka jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misioni. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Yafaa tuikumbuke habari hii kabla ya kuzungumza juu ya mawe, maana kanisa la Zanzibar lilianza kwa watoto watano wasio na kwao kabla halijawa na ukuta hata mmoja.

Wakati huo soko la wazi la watumwa lilikuwako Mkunazini. Tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo la serikali ya Uingereza lililoongozwa na balozi John Kirk, na chini ya tishio la kuzingirwa kisiwa kwa manowari, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara ya watumwa katika milki yake. Soko la Mkunazini likafungwa. Misioni ikapata eneo hilo, sehemu moja kwa kununuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ikiwa kipawa cha mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi sita tu baada ya mkataba, jiwe la msingi likawekwa.

Steere alifanywa askofu mwaka 1874, na kazi ya ujenzi ikaendelea chini ya macho yake. Hakuwa mjenzi kwa elimu. Alikuwa amesomea sheria. Lakini alikuwa mtu wa kujifunza kila jambo kwa mikono yake. Alijifunza uchapaji ili vitabu vya Kiswahili vipatikane, akatunga kitabu cha kufundishia lugha kilichotoka mwaka 1870, akakusanya hadithi za Waswahili, na kabla ya kufa kwake alikuwa amekwisha kulitafsiri Agano Jipya lote. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

2. Jengo na wajenzi wake

Kanisa la Mkunazini lina umbo ambalo halifanani na makanisa ya Uingereza ya wakati ule, wala halifanani na majumba ya jirani zake. Ndani yake mtindo wa Kigothi wa Ulaya umekutana na mapambo yenye asili ya Kiarabu. Paa lake ni kuba refu lililojipinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, nalo halishikwi na boriti. Lilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland. Wako waliotabiri kwamba siku majukwaa ya mafundi yatakapoondolewa, paa litaanguka. Halikuanguka.

Karibu na mahali pa ubatizo ziko nguzo ambazo husemwa kwamba zilisimamishwa juu chini na mafundi wakati askofu akiwa safarini bara. Aliporudi aliziacha zilivyo. Wageni huchekeshwa na habari hiyo. Sisi twaona kwamba ina funzo. Nguzo hizo ni alama ya kwamba kanisa halikujengwa na askofu peke yake, bali na mafundi wa Unguja, waliokuwa wakisimamisha kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Jina la askofu liko kaburini pake. Majina ya mafundi hayakuandikwa ukutani. Lakini mkono wao ungali unaonekana.

Ndani ya kanisa umo pia msalaba wa mti, unaosemwa kuwa umechongwa kutoka katika mti ule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Livingstone alifariki huko Mei 1873, majuma machache kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikausha mwili wake na kuuchukua safari ya miezi mingi hadi pwani. Aliyesoma ibada ya maziko ya moyo ule alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Mgeni anayeutazama msalaba huo humkumbuka Mskoti mmoja. Mchungaji anayeuelezea yampasa awakumbuke pia waliomchukua.

Nje, katika uwanja wa kanisa, ziko sanamu za watu watano waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Minyororo yenyewe ni ya enzi ya utumwa. Hivyo mtu anayekuja ibadani hupita karibu na shimo hilo, na mtu aliyekuja kutazama shimo husikia nyimbo kutoka ndani. Hatudhani kwamba yeyote kati ya hao wawili huondoka akiwa vilevile alivyokuja.

3. Mwaka 1873 haukuwa mwisho

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Katika mahubiri mengi twasikia kwamba utumwa Zanzibar ulikoma mwaka 1873, na kwamba kanisa likajengwa kuwa ukumbusho wa ushindi huo. Usemi huo una ukweli nusu, na nusu yake iliyobaki ni nzito.

Kilichokoma mwaka 1873 kisheria ni usafirishaji kwa bahari na soko la hadhara. Biashara ya siri iliendelea, na misafara ya nchi kavu ilipigwa marufuku mwaka 1876 tu. Utumwa wenyewe, yaani hali ya mtu kumilikiwa na mtu mwingine, ulibaki halali Unguja na Pemba. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alitoa amri ya kukataza kuuzwa na kununuliwa kwa watumwa. Mwaka 1897, Zanzibar ikiwa tayari chini ya himaya ya Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa nguvu ya sheria katika utumwa. Hata hivyo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia alilipwa bwana wake. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo. Kwao sheria ilibadilishwa mwaka 1909.

Maana yake ni nini? Ni kwamba tangu jiwe la msingi lilipowekwa hadi sheria ya mwisho, ilipita miaka 36. Katika muda huo sala zilisomwa, watoto walibatizwa, na ushirika mtakatifu uliadhimishwa Mkunazini, huku nje ya ukuta wa kanisa wakiwako watu waliomilikiwa kwa sheria. Madhabahu ilisimama mahali pa soko, lakini utumwa ulikuwa umehama tu kutoka uwanjani kwenda majumbani na mashambani.

Tusifikiri kwamba upande wa bara ulikuwa bora. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani utumwa haukufutwa wakati wote wa utawala wa Wajerumani. Ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani, ambao kazi yao iliingia baadaye katika Kanisa letu, walipokea waliokombolewa huko Kisarawe, na mwaka 1896 wakaanzisha Lutindi, Usambara, makao ya watoto waliotolewa utumwani. Walifanya hayo chini ya serikali iliyoendelea kuutambua utumwa.

Wala maisha ya waliokombolewa katika vituo vya misioni hayakuwa uhuru usio na masharti. Mbweni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, UMCA ilikuwa na shamba ambako waliokombolewa walipewa makazi. Walipata ulinzi, shule na kanisa, lakini pia waliishi chini ya kanuni za misioni na kufanya kazi katika shamba lake. Wengine walikwenda bara pamoja na Steere mwaka 1876 wakaanzisha makazi Masasi. Kutoka miongoni mwa hao waliokombolewa Mungu aliinua watumishi. Cecil Majaliwa, Myao aliyefika Zanzibar kwa njia ya utumwa, aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1890, akawatumikia watu wa kabila lake kusini mwa nchi yetu. Hatutaji hayo ili kuwadharau wamisionari. Twayataja kwa sababu neema ya Mungu haihitaji msaada wa historia iliyosafishwa.

4. Masimulizi na ushahidi

Mahali penye urithi huzaa masimulizi, na masimulizi huzaa mengine. Wageni wa Mkunazini huonyeshwa duara la marmari sakafuni mbele ya madhabahu, huambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi, ili ijulikane ni yupi mwenye nguvu na bei kubwa. Ni mapokeo ya miaka mingi, nayo yana nguvu kubwa ya kiroho: mahali mtu alipopigwa, hapo panatolewa mwili wa Yeye aliyepigwa kwa ajili yetu.

Wageni huonyeshwa pia vyumba vya chini vyenye dari fupi na hewa kidogo katika nyumba iliyo jirani na kanisa, na huambiwa kwamba humo watumwa walisongamana wakingoja kuuzwa. Wanahistoria wameyahoji maelezo hayo, kwa sababu nyumba hiyo ilijengwa na misioni baada ya soko kufungwa, nayo ilitumika kuwa hospitali. Vyumba vya chini vya nyumba iliyojengwa baada ya soko haviwezi kuwa na historia ya kabla yake, isipokuwa kwa ushahidi wa pekee.

Je, mchungaji afanye nini na jambo kama hili? Wako watakaosema, "Waacheni wageni, wanalia, wanaguswa, je, si vema?" Sisi hatukubaliani na hoja hiyo. Mateso ya watumwa yana ushahidi mwingi: mikataba, barua za mabalozi, habari zilizosimuliwa na waliokombolewa wenyewe, na minyororo. Ukweli huo hauhitaji kuongezewa. Na anayeongeza, hata kwa nia njema, huwapa silaha wale wanaotaka kukana yote, maana kosa moja likionekana watasema kwamba mengine nayo ni hadithi. Jambo hili ni zito zaidi Zanzibar, ambako Wakristo ni wachache na kumbukumbu ya utumwa imewahi kutumiwa kuchonganisha watu kwa misingi ya dini na asili. Kanisa likisimulia habari ya soko kana kwamba ni mashtaka ya dini moja dhidi ya nyingine, litakuwa limesahau kwamba watumwa hao walinunuliwa pia kwa ajili ya mashamba ya sukari ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwamba karafuu na pembe za ndovu walizozalisha na kuzibeba zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Amri ya nane, isemayo tusimshuhudie jirani uongo, yawahusu pia wenye kuongoza wageni.

5. Mahali katika theolojia ya Kilutheri

Msomaji wa Kilutheri aweza kuwa na wasiwasi na heshima kubwa namna hii kwa jengo. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha saba, laeleza Kanisa kuwa mkutano wa waamini ambamo Injili yafundishwa kwa usafi na sakramenti zatolewa ipasavyo. Ukuta hautajwi. Naye Luther, alipohubiri mwaka 1544 katika kuzinduliwa kwa kanisa la ngome ya Torgau, alifundisha kwamba nyumba ile isiwe na kazi nyingine ila Bwana aseme nasi kwa Neno lake, nasi tumjibu kwa sala na sifa. Kwa mafundisho hayo jengo ni chombo, na likishindwa kazi hiyo halina utakatifu wake lenyewe.

Lakini Maandiko yanatuonyesha pande mbili za jambo hili. Katika Yoshua sura ya nne, Israeli waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka Yordani na kuyasimamisha, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate nafasi ya kueleza matendo ya Bwana. Mawe hapo yana kazi ya kuamsha swali. Pasipo mzazi wa kujibu, ni mawe tu. Upande wa pili, Yeremia katika sura ya saba asimama mlangoni pa hekalu akiwaonya watu waliotegemea jengo huku wakimdhulumu mgeni, yatima na mjane. Na Habakuki, katika sura ya pili, anena habari za jiwe litakalopiga kelele kutoka ukutani dhidi ya mtu ajengaye mji kwa damu.

Tukiyaweka mafungu hayo pamoja mbele ya kanisa la Mkunazini, twaona kwamba mawe yake yana ushuhuda wa namna mbili. Yanashuhudia kwamba Mungu alisikia kilio mahali hapo. Yanashuhudia pia juu ya damu, na ushuhuda huo haukunyamazishwa na madhabahu. Ni kosa kufikiri kwamba kanisa lilijengwa pale ili kufuta. Madhabahu ya Kikristo ni mahali pa kukumbuka kifo, kukiri dhambi na kupokea msamaha. Haifuti kumbukumbu bali huiweka mbele za Mungu. Hapo ndipo theolojia ya msalaba inapotusaidia. Utukufu wa kanisa la Mkunazini haumo katika paa lake la ajabu, bali katika kuthubutu kumhubiri Mungu mahali ambapo watu walikuwa wamepewa bei.

Ushuhuda huo uliwahi kuzaa matunda. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alichapisha kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa waliyotwikwa Waafrika katika utawala wa Waingereza wa Afrika Mashariki. Askofu aliyesimama kila siku mbele ya madhabahu ile hakuweza kunyamaza alipoona utumwa ukirudi kwa jina lingine, safari hii kwa mkono wa watu wa taifa lake mwenyewe. Hivyo ndivyo jengo linavyopaswa kumfunza mhubiri wake.

6. Ulinzi: sheria, fedha na chokaa

Kupewa sifa ya urithi si sawa na kutunzwa. UNESCO ilipouandika Mji Mkongwe mwaka 2000 ilitaja, pamoja na mambo mengine, nafasi yake katika biashara ya watumwa na katika kukomeshwa kwake. Lakini orodha haizibi paa linalovuja. Mwaka 2014 Kanisa la Kristo na eneo la soko la zamani viliwekwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali panapohitaji kuangaliwa. Matengenezo yakafuata kwa msaada wa mfuko huo na wa Umoja wa Ulaya, pamoja na maonyesho ya historia ya utumwa katika nyumba iliyo jirani. Jirani yake wa mjini, Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Majengo yote mawili yamo katika orodha ileile ya Urithi wa Dunia.

Mafundi wa uhifadhi hutufundisha jambo linalowafaa wachungaji wote wa pwani. Kuta za kale za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi huzidi, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Lakini Steere alitumia saruji katika paa lake; basi si kila sehemu ya jengo moja hutibiwa kwa dawa moja. Lazima kwanza lijulikane lilijengwa kwa nini na lini. Kamati ya ujenzi yenye moyo wa kutoa lakini isiyo na maarifa yaweza kuharibu kwa mwaka mmoja kile ambacho mvua za miaka 100 hazikukiharibu.

Kwa upande wa sheria, mambo ya kale si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo kwa jumla huyahesabu kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine hulindwa yakitangazwa. Hapa Mlutheri na aangalie kalenda yake. Kazi ya misioni za Kijerumani Dar es Salaam ilianza mwaka 1887, na ya Leipzig huko Kilimanjaro mwaka 1893. Kanisa la Azania Front lilikamilika mwaka 1902. Yaani hakuna hata kanisa letu moja linalolindwa na sheria hiyo kwa umri wake peke yake. Lisipotangazwa, ulinzi wa kanisa la kale la usharika uko mikononi mwa baraza la wazee na mchungaji wake.

7. Yatupasayo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa wachungaji na kwa wanafunzi watakaoitwa kutumikia sharika zenye majengo ya kale.

Kwanza, mchungaji aijue historia ya jengo kwa maandishi. Vitabu vya ubatizo, kumbukumbu za baraza, picha za zamani na habari za wazee vikusanywe na kuwekwa mahali pakavu. Majina ya mafundi, wapagazi na wainjilisti wenyeji yatafutwe kwa bidii ileile inayotumika kutafuta majina ya wamisionari.

Pili, jengo likaguliwe kila mwaka kabla ya masika: paa, mifereji ya maji, mchwa, nyufa. Mfereji ulioziba ni adui mkubwa kuliko umri, na kuuzibua hakuhitaji mfadhili.

Tatu, pasiwe na kubomoa, kupanua au kupiga lipu mpya pasipo ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa majengo ya kale. Usharika unaokua una haki ya kupata nafasi zaidi. Lakini yafaa iulizwe kwanza kama jengo jipya laweza kusimama kando ya lile la kwanza.

Nne, panapokuja wageni, ibada iwe na haki ya kwanza. Saa za sala zitangazwe na kulindwa. Na anayewaongoza wageni afundishwe kutenganisha mambo matatu: yaliyothibitishwa, yanayosimuliwa, na yanayohojiwa. Hakuna mgeni atakayechukizwa kwa kuambiwa ukweli.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kanisa la Kristo Mkunazini lilijengwa mahali pa soko la watumwa kabla utumwa haujakoma, na mikono ambayo mingi haikuandikwa, na kwamba ulinzi linaoupata leo hauwezi kuchukua nafasi ya uaminifu wa wale wanaoabudu humo. Tumeona pia kwamba sisi, tulio na majengo machanga kidogo kwa umri, tuna ulinzi mdogo zaidi wa sheria, na kwa hiyo wajibu mkubwa zaidi.

Watoto wa sharika zetu watauliza maana ya mawe haya. Mchungaji aliyezibua mfereji, akatunza kitabu cha ubatizo, na akakataa kuongeza chumvi katika habari za waliotangulia, atakuwa na jibu la kuwapa, na ukuta wa kuwaonyesha.